Barua ya kuomba nisitolewe kwa mjengo wa Ahero

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa na neno Mungu mara tano. Nilihesabu baadaye nikaona haya. Nilikuwa kwa saiba pale Kondele, Kisumu, kijana anataipu mimi nimesimama nyuma yake namwambia maneno, naomba kwa unyenyekevu mkubwa, mimi ni baba wa watoto wanne, tafadhali msiniharibie jina, Mungu awabariki nyote, na yule kijana anapiga tu kibodi bila kusema kitu mpaka tukafika mwisho akageuka akaniuliza, "Buda, sasa hii ni barua ya kazi ama ni ya harambee?"

Nikamlipa nikatoka nayo. Ilikaa kwa dashibodi ya pickup siku nne na sikuipeleka.

Kwa wale hawanijui, mimi ni kontrakta mdogo, NCA 7, daraja la saba kwa mamlaka ya ujenzi, maana yake kwa majengo naruhusiwa kazi isiyozidi milioni 20 na kusema ukweli hata hiyo 20 sijawahi kuiona. Kazi zangu ni darasa, choo cha shule, nyumba ya mwalimu, ukuta. Septemba 2023 nikapata kujenga domu, yaani bweni, ya shule ya wasichana huko upande wa Ahero, shule sitaitaja, milioni 7.8, wiki 28. Tuliingia saiti Jumatatu tarehe 11 Septemba kwa hivyo mwisho ilikuwa 25 Machi 2024. Dhamana ya kazi nilichukua kwa kampuni ya bima, 5%, yaani 390,000, na ili wanipe ilibidi niwaachie logibuku ya pickup, ile hati ya umiliki. Hiyo pickup si kitu cha kuonyesha wageni lakini ndiyo miguu yangu.

Sasa tarehe 17 Juni 2024 nikaitwa ofisini kwa principal nikapewa bahasha. Ndani paragrafu tatu tu. Kazi imefika 58%, muda umepita kwa wiki 12, una siku 14 ueleze kwa nini kandarasi isikatizwe. Chini, nakala kwa injinia wa serikali na nakala kwa kampuni ya bima. Hiyo nakala ya bima ndiyo ilinitoa jasho, na kweli jioni hiyo hiyo simu ikaita, "Kontrakta, kuna nini huko?" kwa ile sauti ya upole ya mtu ambaye ameshika logibuku yako.

Watu hufikiria ukitolewa saiti unapoteza tu hiyo kazi. Ingekuwa hiyo peke yake ningebeba mikisa yangu ya zege nikaenda. Lakini bima inalipa shule halafu inakufuata wewe, na juu ya hiyo kuna sheria ya manunuzi ya umma ya 2015, kifungu cha 41, ukivunja kandarasi ya serikali unaweza kufungiwa usipewe kazi yoyote ya umma, na wakikufungia si chini ya miaka mitatu. Kampuni kubwa inaweza kukaa miaka mitatu ikifanya kazi za watu binafsi huko Nairobi. Mtu wa saizi yangu, ambaye mkate wake wote ni shule na zahanati, hapo amefunga duka.

Kwa hivyo nilitaka kubaki. Shida ilikuwa vile ya kuomba.

Nianze na ardhi, kwa sababu huko ndiko kila kitu kilianzia. Kama hujawahi kujenga kwa tambarare ya Kano, huko huko Ahero, basi hujui matope. Ule udongo mweusi, wajenzi tunauita blakikotoni, wakati wa kiangazi unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono kwa ufa, mvua ikinyesha unafura unakuwa kama unga umekandwa, na ukiweka nyumba juu yake inapanda na kushuka na msimu mpaka ukuta unachora radi kutoka kwa dirisha hadi chini. Dawa yake inajulikana, unauchimba wote unautoa mpaka ufike kwa maramu ngumu, ule udongo wa changarawe, unajaza hadkoo (mawe) na maramu unashindilia kwa safu safu. BQ, ile orodha ya kazi na vipimo vya kandarasi, ilisema tuchimbe milimita 900. Tukafika 900 bado ni mweusi. Injinia akaja, akasimama kwa ukingo na viatu vyake safi, akasema chimba mpaka upate maramu. Tukaipata kwa mita 1.6. Hiyo ilikuwa wiki mbili na tipa sijui ngapi, na unajua aliniandikia nini? Hakuna. Alisema kwa mdomo akaingia gari akaenda, na mimi kama mjinga nikachimba kwa furaha kwa sababu injinia ameongea.

Halafu El Niño. Oktoba mpaka Disemba 2023, mnakumbuka. Shimo la foundation likajaa tukaleta pampu, tukatoa maji, usiku ikanyesha tena, asubuhi vyura. Lori ya mchanga ikazama hapo kwa geti ya shule ikakaa siku mbili tukiisukuma na wasichana wanatuangalia kwa madirisha ya darasa. Tulimwaga slabu ya chini mwisho wa Novemba tukiwa tumefunika kila kitu na nailoni kama watu wanaficha maiti.

Na bei. Nilikuwa nimetaja bei zangu mwezi wa Juni, Julai serikali ikapandisha VAT ya mafuta kutoka 8% hadi 16% na ikaleta ushuru wa 17.5% kwa klinka inayotoka nje, hiyo ndiyo inasagwa kuwa simiti, kufika Oktoba diseli imepita 200 kwa lita na wenye tipa wote wameongeza. Sheria inasema bei ya kandarasi haipandishwi ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu kuweka saini. Basi. Hiyo hasara ilikuwa yangu, bei nilitaja mimi.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Sertifiketi namba mbili, yaani hati ya kulipwa kazi iliyopimwa, ilikuwa ya milioni 1.9, ilifaa kulipwa mwisho wa Januari 2024. Pesa ya huo mradi ilikuwa inakuja kwa awamu na hiyo awamu haikuja. Februari nikawa naenda ofisini kila Jumatatu naambiwa kesho. Fundi kwangu ni 1,200 kwa siku, mkono, yaani kibarua, ni 600, na hawa ni watu wanaenda nyumbani na unga jioni, huwezi kuwaambia awamu. Hadiwea ya Mamboleo ikanifungia deni. Hapo ndipo jamaa mmoja akanipigia kutoka Nakuru, ana mjengo wake binafsi upande wa Lanet, fundi wake amemtoroka, yuko na pesa taslimu, anataka mtu amalizie kuta na lentoo, zile boriti za juu ya milango na madirisha. Nikachukua mafundi saba wazuri nikaenda. Niliacha askari na vijana wawili saiti wakipanga mawe. Nilisema ni wiki mbili. Zikawa tano.

Pesa ya Lanet ndiyo ililipa madeni ya Ahero, hiyo ni kweli, na nimejiambia hiyo sentensi mara nyingi sana nikiendesha gari usiku. Lakini wiki tano saiti ya watu ilikaa kimya, ikiwa kavu, Februari na mwanzo wa Machi, jua limewaka vizuri, hali ya hewa ambayo ningelia damu kuipata Novemba. Tuliporudi tukafanya kidogo, katikati ya Aprili sertifiketi ikalipwa, wiki 11 baada ya siku yake, na kabla hata hatujanunua mbao mvua ya masika ikaanguka ile ya 2024, mto Nyando ukatoka kwa kingo zake na watu wa vijiji vya chini wakahamia kwa madarasa na magodoro na kuku. Saiti yangu ilikuwa kisiwa.

Kwa hivyo mnaona. Nilikuwa na sababu nzuri tatu na sababu moja mbaya, na kwa ile barua ya harambee nilikuwa nimeweka zote nne kwa chungu kimoja nikakoroga nikaongeza Mungu.

Aliyeniokoa ni foremani wangu. Ni mzee wa kutoka Butere, tunamwita Mzee tu, zamani alikuwa karani wa stoo kwa kiwanda cha sukari, na ule ukarani haujamtoka. Ana kauntabuku. Kila jioni kabla ya kubadilisha viatu anaandika, na miaka yote nimekuwa naye sijawahi kuifungua, nilidhani ni ya madeni ya wafanyakazi. Siku ya tano baada ya ile bahasha nikamwambia Mzee nadhani tunatolewa, akauliza kwa nini, nikamwambia kuchelewa, akasema "kuchelewa gani?" nikamwambia Mzee si unajua kuchelewa, akasema hapana, kuna za mvua, kuna za shimo, kuna za pesa, na kuna zile zetu, unataka gani?

Akaleta kauntabuku. Tukakaa kwa stoo juu ya mifuko ya simiti tukaisoma kutoka ukurasa wa kwanza. Wacha niwawekee kidogo vile anaandika:

"12/10. Mvua kutoka saa nane. Mafundi 9 mikono 14. Shimo limejaa. Kazi imesimama saa nane na robo."

"13/10. Pampu tangu asubuhi. Hakuna kazi ya mawe. Injinia hakuja."

Na ile ya shimo, hii nusura nimbusu: "Injinia amefika saa nne na nusu. Amesema kuchimba kuendelee hadi maramu. Walikuwepo: mimi, kontrakta, mwalimu wa kilimo." Mwalimu wa kilimo! Nilikuwa nimesahau kabisa alikuwepo, alikuja kuuliza kama anaweza kupata huo udongo kwa shamba la shule.

Tukahesabu. Siku za El Niño ambazo hakuna kazi ilifanyika zikawa 30, kwa wiki ya siku sita hiyo ni wiki 5. Shimo wiki 2. Mafuriko ya Aprili na Mei wiki 4. Jumla 11, kila siku na tarehe yake. Pesa kuchelewa wiki 11. Halafu tukafika Februari. Kwa kila ukurasa wa Februari Mzee alikuwa ameandika kitu kimoja. "Mafundi wako Nakuru." Siku baada ya siku, mafundi wako Nakuru, mafundi wako Nakuru, na mwandiko mzuri wa karani.

Nikamwambia Mzee hizi tutaruka. Tuseme tu pesa ilichelewa, si ni kweli ilichelewa?

Akafunga kitabu. Akasema, "Kontrakta, hao watoto walikuwa wanatuhesabu kila asubuhi wakienda asembli. Principal ofisi yake inaangalia saiti. Utamwambia nani hukuenda?"

Nilikasirika kusema kweli. Nilitoka nje nikavuta hewa nikaangalia hizo kuta zangu zimefika ringi bimu, ile boriti ya zege ya kuzunguka kuta, na juu hakuna kitu, vyuma vimesimama vimeshika kutu, na nikafikiria kama mimi ndiye principal, nimesoma barua ya mtu anasema mvua mvua mvua, na mimi mwenyewe niliona Februari hakukuwa na hata wingu, ningeamini mvua yake ya Oktoba? Nisingeamini hata kama ilinilowesha.

Basi tukaandika upya, kwa kalamu kwanza. Nilipanga kwenda kutaipu Jumanne tarehe 25 Juni, na wote mnajua hiyo siku ilikuwa nini, vijana barabarani nchi nzima kwa sababu ya mswada wa fedha, Kisumu saiba zote zimefungwa, Kondele kuna moshi. Siku zangu 14 zinaisha Jumatatu na mimi niko na karatasi ya mkono. Alhamisi nikapata mtu wa kutaipu pale Ahero, mama mmoja ana duka la fotokopi na vitenge, na Ijumaa tarehe 28 nikaipeleka nikapigiwa muhuri wa kupokelewa kwa nakala yangu. Huo muhuri niliuangalia kama cheti cha ndoa.

Barua ilikuwa kurasa mbili na nyuma yake fotokopi za kauntabuku kurasa 41. Hakuna kulia. Nilianza kwa kusema nakubali kazi imechelewa na ninaomba kubaki niimalize ifikapo 30 Septemba 2024. Halafu wiki 11 za shimo na maji, na kwa zile za Aprili na Mei nikakumbusha kwamba serikali yenyewe ilisongesha kufungua shule kutoka 29 Aprili hadi 6 Mei, ikasongesha tena, zikafunguliwa 13 Mei, kwa sababu ya hiyo mvua hiyo. Halafu wiki 11 za sertifiketi, na tarehe iliyofaa kulipwa na tarehe iliyolipwa. Na baada ya hapo hii, neno kwa neno:

"Wiki tano ni zangu. Kati ya Februari na Machi niliwatoa mafundi saba nikawapeleka kazi nyingine Nakuru. Sikuwaambia. Kwa hizo wiki siombi kuongezewa muda, nakubali faini ya kuchelewa kama kandarasi inavyosema."

Mke wangu aliposoma hapo akaniuliza kama niko sawa. Bei ya faini kwa kandarasi yangu ni 3,000 kwa siku.

Na mwisho nikaweka kitu ambacho Mzee hakukubaliana nacho, aliona ni kujifunga kamba. Niliandika kwamba ikifika 31 Julai na mabati hayajapigwa yote, nitatoka saiti mwenyewe bila kubishana na tutapima kazi pamoja. Nilikuwa nimeongea na fundi wa trasi, zile fremu za mbao za paa, pale Kibuye, mbao alikuwa nazo tayari, nilijua inawezekana. Lakini pia nilitaka wawe na kitu cha kunishikia, kwa sababu mtu ambaye amekuchelewesha anakuja kuomba miezi mitatu zaidi, wewe unashika nini? Maneno yake?

Mkutano uliitwa Alhamisi tarehe 4 Julai ndani ya stafurumu. Mwenyekiti wa bodi, sisi wote tunamwita Jakom, mwalimu mstaafu wa hesabu. Madam Principal. Injinia. Watu wawili watatu wa bodi na mama mmoja mwakilishi wa wazazi ambaye anauza omena sokoni Ahero na alikuja na kiondo chake. Mzee nilimleta akakaa nyuma na kauntabuku kwa magoti.

Wakaanza na shimo. Jakom akamuuliza injinia moja kwa moja, ulimwambia achimbe? Nilishika pumzi kwa sababu angeweza kusema hakumbuki na mambo yangeishia hapo. Injinia akaangalia fotokopi, akaangalia Mzee, akasema ndiyo, nilimwambia, na ilifaa nimpe kwa maandishi. Halafu akanigeukia mimi sasa. Kwa nini hukuniandikia? Kandarasi inasema ukiona kitu kitakuchelewesha unatoa notisi mapema, usipotoa hiyo siku unaweza kuipoteza. "Ungeniandikia Oktoba karatasi moja tu ningekupa hizo wiki bila mkutano." Sikuwa na jibu. Kwa miezi tisa sikuwa nimeandika hata barua moja, nilikuwa napiga simu, na simu nazo, nani anaweza kufotokopi simu.

Tukaenda kwa pesa. Hapo Jakom alitoa kalamu akachora mstari kwa karatasi, akaweka alama, akanisukumia. "Kontrakta, umesema pesa ilichelewa wiki 11. Umesema ulikuwa Nakuru wiki 5. Sasa hizo tano ziko ndani ya hizo kumi na moja. Huwezi kula pande zote mbili." Nikaangalia ule mstari. Mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu. Mtu ambaye hayuko saiti hawezi kulia kwamba pesa ndiyo ilimzuia kuwa saiti. Niliwaza kumwambia kwamba nilienda kwa sababu hawakulipa, nikaona Mzee ananiangalia, nikanyamaza, nikasema sawa Jakom.

Mjumbe mmoja alitaka nitolewe siku hiyo hiyo na alikuwa na haki yake, alisema tukimhurumia huyu kila kontrakta atakuja na daftari. Injinia ndiye akaeleza bila hata kunipendelea. Ukimtoa leo, tupime kazi, tuandike BQ ya kilichobaki, tutangaze tenda upya, kutathmini tu sheria inaruhusu mpaka siku 30, ukishamjulisha aliyeshinda unangoja siku 14 kabla ya kuweka saini, na huyo mpya atakuja na bei ya leo na atataka kuchunguza kuta za mwenzake. Akasema hamuwezi kuwa na mtu hapa kabla ya Oktoba.

Hapo yule mama wa omena, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaongea. Alisema msichana wake yuko Form 4, tangu mwaka uliopita wanalala kwa hoo, ule ukumbi wa shule, vitanda vimebanana mpaka mmoja akikohoa wote wanaamka. Akasema mimi sijui hizo wiki zenu. Mtihani ni Novemba. Kati ya huyu na huyo wa Oktoba, nani atamlaza mtoto wangu ndani ya domu kabla ya mtihani?

Hakuna aliyejibu. Madam Principal akaniuliza, kontrakta, umesikia hilo swali? Nikasema nimesikia mama. Akasema siulizi kama umelisikia kwa masikio.

Wakanitoa nje. Tulikaa na Mzee chini ya mwembe karibu saa nzima, akanunua njugu za 20 tukala.

Waliamua hivi. Wiki 11 za shimo na maji, nimepewa. Wiki 6 za pesa, nimepewa. Jumla 17, kwa hivyo tarehe mpya ya kumaliza ni 22 Julai 2024 na kutoka hapo kila siku ni 3,000 mpaka siku nitakayotoa funguo. Kuongezewa pesa, hakuna. 31 Julai ya mabati iko pale pale. Bima niongeze muda wa dhamana kwa gharama yangu kabla ya mtu yeyote kugusa nyundo. Nilikuwa nimeenda kwa mkutano nikijua nitalipa faini ya wiki 5, nikatoka na 10 kama ningemaliza 30 Septemba. Na nilitoka nikitabasamu kama mtu ameshinda jakpoti, Mzee akaniuliza kwani wamesema nini.

Hiyo ya bima ilikuwa karibu inimalize. Pesa ya kuongeza muda nilikopa kwa shemeji, na shemeji yangu ukikopa kwake lazima usikilize mahubiri.

Mabati tulimaliza 29 Julai saa kumi na mbili jioni, siku mbili kabla, na mimi mwenyewe nilikuwa juu ya paa napiga misumari na umri huu. Madam alitoka ofisini akasimama akaangalia juu, hakusema kitu, akarudi ndani. Baada ya hapo kazi ilienda, plasta, sakafu, milango. Madirisha ndiyo yalitusumbua, fundi wa kuchomelea alikuwa anapata stima leo kesho hapati, na hapo tukapoteza siku kadhaa, na kila siku Mzee anaandika na mimi safari hii nikawa naandika barua, barua fupi tu, leo stima imepotea tangu saa tatu, nikigonga muhuri kwa ofisi ya shule mpaka sekretari akaanza kuniita Bwana Barua. Hazikunisaidia, stima ya fundi wangu si mzigo wao. Nilitoa funguo Ijumaa tarehe 11 Oktoba. Siku 81 tangu 22 Julai. 243,000 ikakatwa kwa sertifiketi ya mwisho, na ukitoa hiyo na mkopo wa shemeji na ile diseli ya 2023, hii domu nilijenga karibu bure.

Wasichana wa Form 4 ndio waliingia kwanza. Nilikuwa hapo nikitoa masalio ya mbao, wakabeba magodoro kwa kichwa wakipiga kelele, na mmoja akapita akaniambia "hatimaye" bila hata kusimama. Sijui kama ni yule wa mama wa omena. Inaweza kuwa.

Imebaki retensheni, pesa yako wanayoshikilia. 10% ya kazi, 780,000, nusu unapewa ukimaliza na nusu baada ya miezi sita ya kuangalia kasoro. Nusu ya kwanza ilikuja ikamezwa na hadiwea. Miezi sita ilipoisha Aprili tukaenda na injinia kukagua, nyumba imesimama vizuri, hakuna ufa kwa kuta, lakini ile eproni, sakafu ya nje inayozunguka nyumba, upande wa mtaro imeachana na ukuta nafasi ya kidole, blakikotoni inafanya kazi yake. Injinia akaandika. Akaandika, tena kwa karatasi, akanipa nakala. Tulirudi na mafundi wawili tukavunja tukafanya upya siku tatu, na sasa ile 390,000 nasubiri awamu.

Jana Mzee amekuja na risiti. Kauntabuku mpya amenunua, ya zamani imejaa, na akasema kwa heshima zake zote kwamba hata ile ya kwanza alinunua na pesa yake na hajawahi kurudishiwa.